Lugha Inapoingia Kwenye Santuri: Unguja, Tokyo na Endamarariek

Ilipoundwa Nadi Ikhwani Safaa mjini Unguja mwaka 1905, lugha ya nyimbo zake ilikuwa Kiarabu. Hilo halikumshangaza mtu. Taarabu iliingia visiwani kwa mlango wa jumba la kifalme. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri, na ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo akajifunze kupiga kanuni. Ala zilitoka huko, maqamu yakatoka huko, na maneno nayo yakafuata njia hiyohiyo. Mtu aliyeomba maji kwa Kiswahili, akagombana na jirani kwa Kiswahili na kumbembeleza mwanawe kwa Kiswahili, alipoketi mbele ya wasikilizaji na udi mapajani alibadili ulimi.

Sababu ya kwanza ya jambo hilo ni heshima, nayo haihitaji maelezo marefu. Kiarabu kilikuwa lugha ya dini, ya dola na ya ustaarabu wa wakati ule. Sababu ya pili ni ya ufundi, na wapenzi wa ushairi wataielewa upesi. Shairi la Kiarabu hupimwa kwa silabi ndefu na fupi. Shairi la Kiswahili huhesabiwa mizani, nane kwa nane, kila silabi ikiwa na haki sawa na mwenziwe. Sauti iliyotungwa ili ivute silabi ndefu za kasida, ikipewa mshororo wa Kiswahili, huwa kama kanzu iliyokatwa kwa kimo cha mtu mwingine: huburura huku, hubana kule. Kwa hiyo mtu aliyesema kwamba Kiswahili hakifai kuimbiwa taarabu hakuwa lazima mwenye kiburi. Yumkini alikuwa fundi tu, aliyejaribu mara moja na kuona kwamba nguo haikukaa.

Ikumbukwe pia kwamba shaka hiyo haikuwa juu ya Kiswahili chote. Hakuna aliyesema kwamba lugha hii haina nyimbo. Tenzi zilikuwapo, ngoma zilikuwapo, nyimbo za harusi na za kuvutia jahazi zilikuwapo. Shaka ilihusu jambo jipya: ala za kigeni, mtindo wa kigeni, na baraza la wenye kusikiliza kwa utulivu. Hapo ndipo lugha ya nyumbani ilipoombwa ibaki nje pamoja na viatu.

Aliyeiingiza ndani hakutoka kwenye mabaraza hayo. Mtumwa binti Saad alizaliwa Fumba, shamba la Unguja, karibu na mwaka 1880, katika jamaa yenye asili ya utumwa. Kazi yake ilikuwa kufinyanga na kuuza vyungu, na aliitangaza bidhaa yake kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kwa wapigaji wa taarabu, na baadaye akapewa jina la Siti, ambalo ndilo lililobaki. Aliimba pamoja na mafundi kama Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku. Kiarabu aliimba, na Kihindi aliimba; hakukataa lugha ya mtu. Ila watu walimwendea hasa kwa nyimbo za Kiswahili, maana humo walijisikia wenyewe. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, alimwona kuwa mtu wa kuwekwa kitabuni, na hilo si jambo dogo kwa mwandishi aliyeyapima maneno kama yeye.

Mwaka 1928 Siti na wenziwe walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe. Kampuni haikuwa na haja ya kushinda ubishi wowote wa fasihi. Ilitaka kuuza sahani na mashine za kuzipigia. Kabla ya hapo gramafoni za pwani zilizungusha zaidi sauti za Misri na za Bara Hindi. Sahani za Kiswahili zilipofika madukani zilinunuliwa kwa maelfu, na makampuni mengine yakafuata kutafuta waimbaji wa pwani.

Sahani ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulimalizika kwa kadiri ya dakika tatu. Kwa malenga, huo ulikuwa mtihani. Usiku wa harusi wimbo ungeweza kurudiwa, kuongezwa beti, kusimamishwa kwa ajili ya kutunza, kisha kuanza tena. Mbele ya mashine kila neno lilikuwa na gharama. Beti zilichaguliwa, kiitikio kikapimwa, na nafasi ya fidla kujibu ikahesabiwa. Kiswahili kililazimika kukaa ndani ya nguo ile ile iliyosemwa kwamba haimfai, na kilikaa. Hakikukaa kwa kujifanya Kiarabu. Sauti zilipinda zikafuata mizani. Silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo Kiswahili huitilia mkazo, ilipewa mahali pake. Na irabu za mwisho wa maneno, ambazo ni mali kubwa ya lugha hii kwa mwimbaji, ziliachwa zivutwe kadiri ya pumzi.

Na mambo yaliyoimbwa je? Wimbo wa Kijiti, mmoja wa zile zinazokumbukwa sana, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, mwuaji akavuka bahari na kutoroka. Habari ya mtaa, yenye majina ya watu na uchungu wa watu, iliingia katika muziki uliokuwa wa jumba la mfalme. Kasida ya kuagiza isingeweza kuyabeba hayo, hata kama ingekuwa nzuri mara kumi. Hapa ndipo ilipo maana ya sahani za 1928. Hazikuthibitisha tu kwamba Kiswahili kinaweza kuimbwa. Zilionyesha kwamba kuna mambo yasiyoweza kuimbwa Unguja isipokuwa kwa Kiswahili. Siti alifariki mwaka 1950, na kabla ya karne kwisha vilabu vilivyoanza kwa Kiarabu vilikuwa na hazina ya nyimbo za Kiswahili, na vijana hawakukumbuka tena kwamba jambo hilo liliwahi kubishaniwa.

Ubishi wenyewe, hata hivyo, haukufa. Ulizuka tena zaidi ya miaka arobaini baadaye, mbali sana na Unguja, katika mji wa Tokyo. Mpenzi wa mashairi wa pwani ana sababu nzuri ya kuufuatilia huko, kwa kuwa Kijapani, pamoja na umbali wake wote, ni jirani ya Kiswahili katika jambo moja: nacho huhesabu mizani.

Ushairi wa jadi wa Kijapani hupangwa kwa mapigo matano na saba. Tanka ina mapigo thelathini na moja, katika vipande vya tano, saba, tano, saba na saba. Haiku ina kumi na saba. Maneno karibu yote huishia kwa irabu. Jina la Tokyo, ambalo kwa wengi ni fupi, kwa Mjapani ni mapigo manne: to, o, kyo, o. Jina la nchi yenyewe, Nihon, ni matatu: ni, ho, n. Hiyo n ya mwisho haina irabu, lakini ina pigo lake kamili, kama vile m ya mtu na n ya nchi zinavyopewa mizani zake na kila malenga wa Lamu, Mombasa au Pemba. Mtu aliyezoea kuhesabu shairi kwa vidole vyake angeweza kuhesabu tanka bila ya kufunzwa mara mbili.

Muziki wa roki, uliovuma Japani katika miaka ya 1960, ulikuja na Kiingereza, na Kiingereza hakihesabu hivyo. Hutazama silabi nzito na kuzimeza nyepesi. Neno lenye konsonanti tatu mbele na mbili nyuma huingia lote katika pigo moja la ngoma. Mjapani akitaka kusema neno hilohilo kwa lugha yake huhitaji mapigo matatu, manne au matano. Hivyo katika muda ambao Mwingereza amemaliza sentensi, Mjapani bado yuko katikati ya neno. Kwa sababu hiyo, na kwa tamaa ya kusikika ulimwenguni, walikuwapo wanamuziki waliosema kwamba roki ya kweli lazima iimbwe Kiingereza. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Yuya Uchida, msimamizi wa kundi la Flower Travellin' Band, ambalo sahani yake ya Satori ya mwaka 1971 iliimbwa kwa Kiingereza. Hakuwa mtu wa kudharauliwa, wala muziki aliousimamia haukuwa dhaifu. Hoja yake ilikuwa ya ufundi na ya soko kwa pamoja, sawa na ile ya Unguja.

Upande wa pili lilisimama kundi la vijana wanne: Haruomi Hosono, Eiichi Ohtaki, Shigeru Suzuki na Takashi Matsumoto. Walijiita Happy End, jina la Kiingereza, lakini waliliandika kwa hiragana, hati ya maneno ya nyumbani, badala ya katakana, ambayo ndiyo hati ya maneno ya kigeni. Jina lenyewe lilikuwa tangazo la nia. Sahani yao ya kwanza ilitoka Agosti 1970, na katika mwaka huo na uliofuata magazeti ya muziki yalichapisha mabishano ya pande mbili: je, roki ya Kijapani yawezekana?

Jibu lilitoka tarehe 20 Novemba 1971, nalo halikuwa makala. Lilikuwa sahani yao ya pili, Kazemachi Roman, iliyotolewa na URC, kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa mtindo wa kuwauzia wanachama. Maneno karibu yote yaliandikwa na Matsumoto, mpiga ngoma wa kundi. Kazemachi, yaani mji wa upepo, ni mji usiokuwapo kwenye ramani. Aliujenga kwa kumbukumbu za mitaa ya utoto wake, Aoyama, Shibuya na Azabu, kama ilivyokuwa kabla ya Tokyo kuchimbwa na kupanuliwa barabara kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya 1964. Anayejua jinsi mji wa kale unavyoweza kupotea mbele ya macho ya wakazi wake hahitaji kuelezwa kwa nini kumbukumbu hizo zilitaka lugha zilimozaliwa.

Na ufundi je? Happy End hawakuyakimbiza maneno ili yalingane na Kiingereza. Ohtaki alizivuta irabu mpaka neno moja likatandazwa juu ya mapigo kadhaa, likakatika mahali ambapo msemaji wa kawaida asingelikata. Hosono aliimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgeni wake barazani, na miishio ya adabu ya mazungumzo ya kila siku iliachwa ndani ya wimbo. Mizani haikufichwa, ilitumiwa. Kundi lilivunjika mwisho wa mwaka 1972, na sahani yao ya tatu, waliyoirekodi Los Angeles, ilitoka mwaka uliofuata, nayo ikiwa kwa Kijapani. Mwaka 1981 Ohtaki alitoa A Long Vacation, yenye jina la Kiingereza na maneno ya Matsumoto kwa Kijapani, ikauzwa kwa zaidi ya milioni. Mwaka 2007 toleo la Kijapani la jarida la Rolling Stone liliiweka Kazemachi Roman nafasi ya kwanza kati ya sahani mia bora za roki ya nchi hiyo. Vijana wa Tokyo wa leo wangecheka kusikia kwamba lugha yao iliwahi kuambiwa haifai, kama wanavyocheka wa Unguja.

Hadithi hizi mbili zingeweza kuishia hapo, kila moja na ushindi wake. Lakini aliyeshinda huwa na deni, na Kiswahili kina deni lake bara.

Mwaka 1961 Kyu Sakamoto aliimba wimbo wa Kijapani ulioandikwa na Rokusuke Ei, uitwao Ue o Muite Aruko. Mwaka 1963 ulifika nafasi ya kwanza Marekani, kwa Kijapani chake, bila ya kutafsiriwa. Jina tu ndilo lililobadilishwa: wafanyabiashara waliuita Sukiyaki, jina la mchuzi wa nyama, kwa kuwa ndilo neno la Kijapani ambalo wanunuzi wangeweza kulitamka. Wimbo wa mtu anayezuia machozi ukaitwa kwa jina la chakula. Miaka arobaini baadaye, mwaka 2001, Saida Karoli wa Bukoba alitoa Maria Salome, na nchi nzima ya Tanzania ikacheza wimbo wa Kihaya. Wengi hawakuelewa isipokuwa maneno machache ya Kiswahili yaliyomo, na kwa hayo wakaubatiza: Chambua kama Karanga. Waliupenda kwa dhati. Ila waliupa jina la kile walichokifahamu, na hapo Kiswahili kilikaa kwenye kiti ambacho Kiingereza kilikikalia mwaka 1963, na Kiarabu mwaka 1905.

Kiti hicho kinaonekana vizuri zaidi mtu akisimama Endamarariek. Ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, katika nyanda za juu baina ya misitu ya Ngorongoro na bonde la Ziwa Eyasi. Nchi ya mahindi, maharage, ngano na mbaazi. Lugha ya nyumbani ni Kiiraqw. Si lugha ya Kibantu. Ni ya Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali na Kioromo, na Maarten Mous aliichapishia sarufi mwaka 1993. Masikio ya pwani yangeshangaa kuisikia. Ile ayn na ile ha nzito, ambazo mtoto wa Unguja huzitolea jasho chuoni, mtoto wa Endamarariek huzitamka kabla ya kujua kuwa kuna Kiarabu duniani. Kuna sauti nyingine ambazo hewa yake hupita pembeni mwa ulimi, na Kiswahili hakina herufi ya kuziandikia. Kuna pia kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, kunakobeba maana, na ambako mtungaji wa wimbo hawezi kukupuuza.

Wairaqw wana utamkaji mkuu waitao slufay: mzee husema, waliohudhuria huitikia, na kwa maneno hayo huombwa mvua, afya na amani ya nchi. Ni ushairi kwa kipimo chochote cha haki, lakini hauhesabiwi nane kwa nane. Nguvu yake imo katika mfululizo wa kauli, katika mafumbo, na katika jibu la wengi kwa mmoja. Akija mtu wa pwani na vidole vyake vya kuhesabia mizani, akaona kwamba hesabu haikubali, asifanye haraka kusema kwamba hapana shairi. Ndivyo alivyokosea aliyepima Kiswahili kwa kipimo cha kasida.

Kijana wa Endamarariek anayetaka kusikika Arusha na Dar es Salaam huimba Kiswahili. Hapana wa kumlaumu. Kiswahili ni chake pia. Ndicho kilichomfungulia shule na soko, na miaka mingi redio ya taifa haikutangaza kwa lugha za makabila, kwa nia ya kujenga taifa moja. Nia hiyo ilizaa matunda ambayo nchi jirani zinayatamani. Lakini hoja zitakazomzuia kijana huyo asirekodi kwa Kiiraqw ni zilezile mbili: kwamba maneno hayakai kwenye mdundo, na kwamba hakuna wa kununua. Ya kwanza ilijibiwa Bombay mwaka 1928, ikajibiwa tena Tokyo mwaka 1971, na mara zote mbili mdundo ndio uliojifunza kukaa kwenye maneno. Ya pili ilijibiwa na wateja wa maduka ya santuri ya pwani, ambao hawakuwa wameulizwa kabla.

Jambo moja tu haliwezi kujibiwa na msanii peke yake. Siti alipoimba Kiswahili, palikuwa na watu waliokwisha kukihifadhi: wenye miswada ya tenzi, walimu wa vina, wasikilizaji waliojua kutofautisha beti zuri na bovu. Matsumoto alipoandika, nyuma yake palikuwa na zaidi ya miaka elfu ya tanka. Kiiraqw kina hazina yake, lakini sehemu kubwa imo katika vifua vya wazee, na kifua si sanduku linalofungwa kwa ufunguo. Kwa hiyo kazi ya kurekodi slufay na nyimbo za Endamarariek, kwa sauti ya wenyewe na kwa majina waliyozipa wenyewe, inawahusu pia washairi wa Kiswahili. Wao wanajua, kuliko wengine wote nchini, lugha inavyojisikia inapoambiwa isubiri mlangoni, na wanajua kilichopatikana iliporuhusiwa kuingia.